Magnolia ama Cream? Rangi Mbili Zinafanana Hadi Zikule Depoziti Yako

Cheki ukuta wa keja yako saa hii. Kama uko Free Area, Shabab, Kiamunyi, Section 58 ama kwa hosteli za Njoro, nabeti ukuta wako ni wa ile rangi haieleweki. Si nyeupe, si njano, si kahawia. Ukiuliza keateka atakwambia ni cream. Ukiuliza fundi atakwambia ni magnolia. Landlodi naye atasema ni "hiyo ya kawaida." Na wote watatu wanaweza kuwa wamekosea.

Mimi nilijua tofauti yao kwa njia ya kuuma. Nilikuwa nimeacha chuo, nimehamia bedsita Free Area, na mwaka mmoja baadaye nikapata keja poa kuliko hiyo. Wiki ya kutoka, keateka akaniambia ukuta wa upande wa jiko una mafuta na masizi, nipake ama pesa ikatwe kwa depoziti. Nikakimbia mjini, nikanunua lita nne za Cream, nikapaka ukuta huo mmoja usiku. Saa nne nikasimama mlangoni nikaangalia chini ya ile balbu yangu ya mwanga wa njano. Kuta zote nne zilikuwa sawa kabisa. Nikalala nikijua nimeomoka.

Asubuhi jua lilipopiga ndani, ukuta mmoja ulikuwa njano kama siagi na mitatu ilikuwa na wekundu fulani wa mbali, kama chai ya maziwa mengi. Landlodi alifika saa tatu. Hakusema mengi, aliangalia tu ukuta, akaniangalia mimi, akamwambia keateka waite fundi apake nyumba yote. Pesa ikatoka wapi? Unajua.

Baada ya hapo nilifanya vibarua na mafundi wa rangi kwa miezi kadhaa kabla nianze kuandika, na hii ndio kitu nilitamani mtu angeniambia mapema: Magnolia na Cream si rangi moja, na hakuna iliyo bora kuliko nyingine. Kinachoamua ni mwanga wa chumba chako. Twende polepole.

Tofauti yao iko wapi

Ukiziangalia mbali mbali, huoni kitu. Ukiziweka bega kwa bega ndio zinajitoa. Cream ni nyeupe iliyotiwa njano. Magnolia ni nyeupe iliyotiwa njano pamoja na wekundu kidogo, halafu ikatulizwa na kijivu kidogo. Huo wekundu uliojificha ndani ndio mafundi wengine huita "rangi ya ndani," na ndio hukuletea shida yote, juu hauonekani kwa kopo wala kwa kadi ndogo. Unajitokeza ukishapaka ukuta mzima.

Kuna ushahidi wa hili kwa namba. Waingereza wana mfumo wa rangi za majengo unaoitwa BS 4800, na Magnolia iko humo kama 08 B 15. Namba ya kwanza inaonyesha familia ya rangi: 08 ni njano inayoelekea wekundu, na njano yenyewe ni 10. Herufi inaonyesha kijivu ni kingi kiasi gani, A ikiwa ndio kijivu kabisa na E ikiwa rangi safi bila kijivu. Kwa hivyo B inakwambia Magnolia imepoa, haipigi kelele. Namba ya mwisho ni uzito wa rangi, yaani imekolea ama ni nyepesi. Ukienda kwa duka lenye mashine ya kuchanganya rangi na umwambie muuzaji hiyo 08 B 15, kuna uwezekano mkubwa ataelewa kuliko ukimwambia "ile ya kawaida."

Cream haina bahati hiyo. Cream ni jina tu. Kila kampuni ina yake. Na hata Magnolia, ikishatoka kwa namba ikawa jina kwa kopo, kampuni moja inaweza kuisukuma pinki kidogo na nyingine ikaisukuma njano. Crown, Basco wenye Duracoat, Plascon ambao wengi bado tunawaita Sadolin: usichukue jina kutoka kwa moja ukaenda kununua kwa nyingine ukitarajia zishikane. Hapo ndio kosa la kwanza la wapangaji wengi. Wanakumbuka jina la rangi, wanasahau jina la kampuni.

Na hii familia yote tunaiita beige, neno la Kifaransa la zamani la sufu ambayo haijatiwa rangi, vile inatoka kwa kondoo. Kama umewahi kupita Molo ukaona kondoo wamesimama kwa ukungu asubuhi, umeona beige ya asili. Hiyo ndio sababu rangi hii inapendwa na wenye ploti. Haikasirishi mtu, haichagui sofa, haionyeshi kuzeeka haraka kama nyeupe. Tangu Nakuru ipewe hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021 ploti zinaota kila kona, na ndani nyingi ni za sura hii moja.

Wazungu wa YouTube watakupoteza hapa

Ukitafuta ushauri wa rangi mtandaoni utaambiwa kwanza uangalie kama dirisha lako linaangalia kaskazini ama kusini. Chumba cha kaskazini ni baridi, weka rangi ya joto. Chumba cha kusini kina jua, weka chochote. Huo ushauri ni kweli, lakini ni kweli kwa London ile ya Uingereza. Hii London yetu iliyo kando ya Nakuru mambo ni tofauti.

Nakuru iko karibu kabisa na ikweta, hata nusu digrii haifiki. Ukienda Marigat utapita kibao cha ikweta pale Mogotio na watu wakipiga picha. Maana yake, jua letu halikai upande mmoja mwaka mzima. Mwezi wa Juni limeegemea kaskazini, Desemba limeegemea kusini, na Machi na Septemba mchana linakaa juu ya kichwa. Dirisha la kaskazini lako linapata jua sehemu ya mwaka, na la kusini linapata sehemu nyingine. Kwa hivyo usijisumbue na hizo mbili.

Kwetu kinachofanya kazi ni mashariki na magharibi.

Dirisha la mashariki linapata jua la asubuhi, lenye joto la dhahabu, kati ya saa moja na saa nne hivi. Baada ya hapo chumba kinabaki na mwanga wa anga tu, ambao una ubluu. Kama unatoka kazini jioni, sura ya chumba utakayoishi nayo ni hiyo ya mchana na jioni, ya ubluu. Hapo Cream inakuja kukuokoa. Ile njano yake inapigana na ubluu na chumba hakipoi. Magnolia kwa mwanga huo inapoteza joto, ule wekundu unageuka pinki ya kijivu, na ukuta unakaa kama mtu ana homa.

Dirisha la magharibi ni kinyume. Asubuhi chumba kimetulia, halafu kuanzia saa kumi jua linaingia lote na linachoma. Ukipaka Cream hapo, saa kumi na moja na nusu keja yako itakuwa ndani ya kopo la Blue Band. Weka Magnolia. Kijivu kile kidogo kinaimeza njano ya jioni, na unapata rangi laini ya kama maziwa na asali.

Halafu kuna wale wa sehemu za juu. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya bahari na siku nyingi mwanga ni wa ukungu na mawingu. Hapo mimi ningeenda na Cream bila kufikiria mara mbili, hata kwa dirisha la magharibi. Magnolia kwa chumba cha Molo mwezi wa Julai itakufanya uhisi baridi ambayo tayari unaihisi.

Balbu ndio ilinimaliza mimi

Turudi kwa hadithi yangu ya bedsita. Mbona usiku kuta zilifanana na asubuhi zikaachana? Ni vile rangi haiko kwa ukuta peke yake. Ukuta unarudisha mwanga unaoupiga, na kama mwanga wenyewe una njano nyingi na ubluu kidogo, tofauti ndogo ya njano kati ya rangi mbili inazama. Jua la asubuhi likileta rangi zake zote, tofauti inaibuka. Rangi mbili zinaweza kushikana chini ya balbu moja na kukataana chini ya mwanga mwingine. Hilo linajulikana sana kwa watu wa vitambaa na watu wa kupaka magari, lakini mpangaji wa bedsita nani atamwambia?

Geuza balbu yako usome pakiti. Utaona namba na herufi K. Ile ya 3000K ni ya mwanga wa njano wenye joto. Ile ya 6500K ni ya mweupe mkali wenye ubluu, kama wa duka la simu. Keja nyingi za kukodi zinakuja na hizi nyeupe, na kama yako ni hivyo, Cream itakaa safi na tulivu, na Magnolia itavuta pinki. Kama wewe ni wa mwanga wa njano, wa kuchill, Magnolia ndio yako. Cream chini ya 3000K inazidisha.

Sasa unaweza kuona siri moja hapa. Kabla ununue rangi mpya juu hupendi ukuta wako, nunua balbu tofauti kwanza. Nimeona mtu Lanet akiwa amekusanya pesa ya fundi na rangi, akabadilisha balbu mbili tu, akasahau hiyo stori ya kupaka.

Paa la jirani pia liko kwa ukuta wako

Hii watu hawaamini hadi waone. Kama dirisha lako linaangalia paa la mabati ya kijani, jua likipiga hayo mabati linarusha kijani ndani ya chumba. Cream inashika huo ukijani haraka sana, juu njano na kijani ni majirani. Ukuta unaanza kukaa kama supu ya njegere iliyomwagiwa maji. Magnolia inavumilia, wekundu wake unapunguza kijani.

Kama mabati ya jirani ni mekundu ama maroon, badilisha. Magnolia itageuka pinki ya saluni, na Cream itakaa joto zuri tu. Bustani na miti mbele ya dirisha ihesabu kama mabati ya kijani. Ukuta wa mawe wa ploti inayofuata, ule unaoweza kuugusa ukinyosha mkono dirishani, ihesabu kama kijivu: chumba chako hakina jua hata kidogo, taa inawaka saa sita mchana, na hapo tunarudi kwa swali la balbu. Soma tena sehemu hiyo.

Vumbi

Watu wengi husema jina Nakuru linatoka kwa Kimaasai na lina maana ya mahali pa vumbi. Kama umeishi mitaa yenye barabara ya murram kuanzia Januari hadi Machi, huhitaji kamusi.

Vumbi letu ni laini, la udongo wa volkano, rangi ya kijivu na kahawia. Linakaa kwa ukuta hasa sehemu mbili: juu ya soketi na swichi, na ile mita moja ya chini ambapo watu huegemea na viti hugonga. Hapa Magnolia inashinda wazi wazi. Kijivu kilichomo ndani yake kinaficha kijivu cha vumbi. Cream ni safi zaidi kwa hivyo kila kidole kinaonekana.

Lakini usiangalie rangi pekee, angalia pia aina. Rangi ya maji isiyong'aa, ile imeandikwa Matt kwa kopo, ina unga wa kuua mng'ao. Mmoja wa unga unaotumika kwa kazi hiyo duniani ni diatomite, ule mwamba mweupe mwepesi unaochimbwa Kariandusi, pale karibu na Gilgil. Kwa hivyo inawezekana kabisa uliwahi kupita ile machimbo ukielekea Nairobi bila kujua inahusiana na kuta za watu. Matt inaficha mabonde ya plasta mbaya, na plasta mbaya tunayo, lakini ukiisugua na kitambaa chenye maji inaacha alama inayong'aa. Ile ya Silk inang'aa kidogo, inafutika, ila kila bonde na kila kazi mbovu ya fundi inaonekana ukiwasha taa ya pembeni. Pia Silk inafanya rangi ileile ionekane imekolea zaidi. Magnolia ya Matt na Magnolia ya Silk kutoka kampuni moja hazitakaa sawa kwa ukuta mmoja. Kama unarekebisha doa, ujue ni gani ilikuwa hapo.

Rangi ya mafuta kwa ukuta wa sebule mimi siipendi. Inafutika vizuri, sawa, ndio maana utaikuta kwa korido na jikoni. Lakini inageuka njano na miaka, hasa nyuma ya kabati ambako mwanga haufiki. Cream ya mafuta ya miaka mitano haina tena uhusiano na Cream ya dukani.

Jaribu kabla uingie mtegoni

Kadi ya rangi ni ndogo, na mara nyingi imechapishwa kwa wino tu. Usiamue nayo ukiwa umesimama ndani ya duka chini ya taa za duka.

Nunua kopo dogo kabisa la kila rangi. Chukua manila mbili nyeupe za duka la vitabu. Paka kila moja mara mbili, ukiacha mpaka mweupe kama wa vidole viwili kuzunguka, ili jicho lako lisichanganye rangi mpya na ya zamani iliyo nyuma. Acha zikauke kabisa. Rangi ya maji kwa kawaida inakauka ikiwa imekolea kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, kwa hivyo ukiamua ikiwa bado inanata umejidanganya.

Kisha zibandike kwa ukuta ulio mbali na dirisha, siku nyingine ukuta ulio karibu. Ziangalie saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na mbili jioni, na usiku na balbu yako mwenyewe. Ziweke chini karibu na taili. Ziweke nyuma ya sofa. Kama taili zako ni zile za kahawia nyekundu, Magnolia itashikana nazo. Kama ni za kijivu, Cream itaonekana njano zaidi ya vile ilivyo. Dari nyeupe kabisa pia itasukuma zote mbili zionekane chafu kidogo, hiyo ni kawaida, usishtuke.

Piga picha ukitaka, lakini usiamue na picha. Simu yako inarekebisha rangi yenyewe bila kukuuliza.

Kiasi gani cha kununua

Chumba cha mita 3 kwa 3, kimo cha mita 2.6. Kuta nne zinakupa mita za mraba 31.2. Toa mlango mmoja na dirisha moja la kawaida, unabaki na kama 27.5. Unapaka mara mbili, kwa hivyo ni 55. Lita moja ya rangi ya maji kwa ukuta laini inafunika kama mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Gawanya: unahitaji kati ya lita 4.6 na 5.5.

Sasa unaona mbona kopo la lita nne huishia ukutani wa nne, kando ya mlango, saa kumi na moja jioni, na duka linafungwa. Chukua la nne na mawili ya moja. Na uyachukue siku moja. Angalia namba ya bachi iliyopigwa kwa kopo, zote zilingane. Kama hazilingani, mwaga zote kwa ndoo moja safi na ukoroge kabla uanze. Fundi akianza kopo la pili la bachi tofauti katikati ya ukuta, mstari utauona hadi uhame.

Kuhusu fundi. Mheshimu, mpe chai, lakini fungua kopo ukiwa hapo. Nilifanya kazi na mzee mmoja aliyekuwa anajua kazi kuliko mtu yeyote nimekutana naye, na nikimuuliza, "Fundi, hii tunayopaka ni magnolia ya kampuni gani?" ananijibu, "Kijana, magnolia ni magnolia." Hapana, fundi. Kwa heshima zote, hapana. Wengine pia huongeza maji hadi rangi inakuwa maziwa ya hoteli, na ukihesabu mikono mitatu bado ukuta wa zamani unachungulia. Kipimo cha maji kiko nyuma ya kopo.

Cheki pia alama ya KEBS kwa kopo. Unaweza kutuma SM# ikifuatwa na namba iliyo chini ya alama kwa 20023 na utajibiwa ni bidhaa gani na ya nani. Hii si ya kujifurahisha tu. Kiwango cha Kenya kinasema madini ya risasi kwa rangi yasizidi sehemu 90 kwa milioni, na rangi feki haina mtu wa kuipima. Na kama nyumba ni ya zamani na rangi inabanduka, usiikwangue kavu ukiwa na mtoto ndani. Lowesha kwanza, msasa wa maji, madirisha wazi, mtoto aende kwa nyanya yake siku hiyo.

Kwa ploti mpya kuna jambo lingine. Plasta mbichi inahitaji wiki kadhaa kukauka, karibu mwezi hivi. Ukiharakisha, chumvi inatoka kwa ukuta kama unga mweupe na inakula rangi. Kama umehamia nyumba mpya na unaona hayo madoa, si kosa lako, na usikubali yawe kosa lako siku ya kutoka.

Sasa depoziti

Siku ya kuingia, kabla sofa iingie, fanya hivi. Muulize keateka kwa upole, mbele ya mtu mwingine ama kwa meseji: ukuta huu umepakwa rangi gani, ya kampuni gani, ni Matt ama Silk. Mara nyingi kuna makopo yamebaki kwa stoo. Omba uyaone, upige picha ya lebo na ya kifuniko. Kama ilichanganywa kwa mashine, kifuniko kina karatasi yenye fomula, na hiyo karatasi ina thamani kuliko jina lolote.

Piga picha za kila ukuta mchana, na umtumie landlodi siku hiyohiyo. "Habari ya mchana mzee, nimeingia, hizi ndio hali za kuta, asante." Fupi, bila mdomo. Ukitoka mwaka ujao hamtabishana doa lilikuwepo ama halikuwepo.

Na ukipaka, usipake kipande. Paka ukuta mzima kutoka kona hadi kona, hata kama umepata rangi ileile, juu ya zamani imeshachujwa na jua na moshi. Jicho linasamehe tofauti ikiwa kwa kona. Katikati ya ukuta halisamehi.

Kama stoo haina kopo na hakuna anayekumbuka, tafuta sehemu iliyofichika, nyuma ya kifuniko cha soketi ukiwa umezima umeme kwa meni, ama juu ya fremu ya mlango. Bandua kipande kama cha shilingi ishirini, kisiwe na vumbi. Peleka kwa duka lenye mashine ya kusoma rangi. Wakikupatia, omba wakupakie tone kwa karatasi, toka nje nayo juani, ulilinganishe na kile kipande hapo barabarani. Wakikuona umesimama Kenyatta Avenue ukikodolea macho vipande viwili vya beige, wacha wacheke.

Rangi ikibaki, funga kopo vizuri, na uandike juu ya kifuniko kwa kalamu ya wino mzito: kampuni, jina, namba, Matt ama Silk, chumba gani, tarehe. Liache kwa stoo.